Je, Jiwe Hili la Angani Litatuangukia?

Ndugu msomaji, usiku wa Ijumaa tarehe 13 Aprili mwaka 2029, kuamkia Jumamosi, jiwe lenye upana wa wastani wa mita 340 hivi litapita karibu na dunia yetu. Panga viwanja vitatu vya kandanda kimoja mbele ya kingine, na bado jiwe hilo litavizidi. Litapita umbali wa kilometa zipatazo 32,000 tu kutoka ardhini. Ikiwa una dishi la televisheni juu ya paa lako, fahamu kwamba setilaiti inayotazamwa na dishi hilo iko umbali wa kilometa karibu 36,000. Usiku ule jiwe litakuwa karibu nawe kuliko chombo kikuleteacho taarifa ya habari.

Jina lake ni Apophis. Tangu ligunduliwe mwaka 2004 limekwisha kuangamiza ulimwengu mara nyingi sana katika kurasa za magazeti na katika simu za mkononi, ilhali halijamdhuru hata sisimizi. Kila baada ya muda ujumbe hutoka simu hii kwenda simu ile: wataalamu wamethibitisha, mataifa makubwa yanaficha, siku imekwisha tajwa. Mama hupuuza, baba husoma mara mbili kwa siri, na mtoto aliyejifanya amelala husikia yote.

Jibu la swali lililo juu ya ukurasa huu ni fupi: hapana. Apophis halitaanguka mwaka 2029, na wataalamu wa falaki wameondoa uwezekano wa jiwe hilo kutugonga kwa muda usiopungua miaka 100. Lakini mtu aliyekwisha kuingiwa na hofu hatulizwi kwa kuambiwa "usiogope" peke yake. Aliyemtisha alimpa tarakimu. Anayetaka kumtuliza hana budi kumpa tarakimu pia, na kumwonyesha jinsi zilivyopatikana, maana tarakimu hizo zisipoelezwa ndizo zenyewe zitishazo.

MASALIO YA UJENZI

Mwashi amalizapo kujenga nyumba huacha uani vipande vya matofali, kokoto na mchanga. Jua na sayari zake vilipoumbika, yapata miaka bilioni 4 na nusu iliyopita, yalibaki masalio kama hayo. Mawe hayo wataalamu huyaita asteroidi. Mengi mno huzunguka jua kati ya njia ya Mirihi na njia ya Mshtarii, mbali nasi. Baadhi yalisukumwa yakatoka huko, na sasa njia zake hukaribia njia ya dunia au huikata kabisa. Hayo ndiyo yafuatiliwayo usiku na mchana.

Vipande vidogo huingia katika anga yetu kila siku vikaungua; ndivyo vimondo tuvionavyo vikichora mstari wa mwanga gizani. Vichache hufika chini. Katika wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, kipo kimondo cha chuma kilichochanganyika na nikeli, chenye urefu wa mita 3 hivi, ambacho uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16. Wenyeji walikijua tangu zamani. Wageni walikuja kupata habari zake mwaka 1930. Uganda nako, tarehe 14 Agosti 1992, vipande vya jiwe la angani vilinyesha juu ya mji wa Mbale na viunga vyake, na kimoja cha gramu chache kikampiga kijana kichwani. Hakuumia, kwa kuwa kilitua kwanza juu ya mgomba kikapungua kasi. Sidhani kama upo mgomba mwingine uliofanya kazi kubwa zaidi ya hiyo.

Apophis si wa daraja hilo. Laiti lingetuangukia, lingeharibu eneo lenye ukubwa wa mkoa mzima na zaidi. Hata hivyo lisingeweza kumaliza uhai duniani, kama baadhi ya watu wanavyoandika. Jiwe linalodhaniwa kuwa ndilo lililowaangamiza wale wanyama wakubwa wa kale, dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita, lilikuwa na upana wa kilometa zipatazo 10. Katika upana huo yangeenea mawe kama Apophis karibu 30, yakipangwa safu moja.

KRISMASI YA MWAKA 2004

Apophis liligunduliwa mwezi Juni mwaka 2004 na wanafalaki watatu, Roy Tucker, David Tholen na Fabrizio Bernardi, kwa darubini iliyoko Kitt Peak katika jimbo la Arizona, Marekani. Walilitazama kwa siku mbili, kisha likawapotea. Lilionekana tena mwezi Desemba, safari hii kutoka Australia. Baadaye lilipewa jina la nyoka wa giza wa Misri ya kale, adui wa Ra aliyekuwa mungu wa jua. Jina lile nalo halikusaidia kutuliza watu, wala tarehe yenyewe haikusaidia, kwani huko Ulaya na Marekani Ijumaa iangukiayo tarehe 13 huhesabiwa kuwa siku ya nuksi.

Fuata sasa hesabu zilivyokwenda. Tarehe 23 Desemba ilitangazwa kwamba upo uwezekano wa moja katika 300 kuwa jiwe lile litaigonga dunia tarehe 13 Aprili 2029. Siku iliyofuata uwezekano ukawa moja katika 60 hivi. Siku ya Krismasi ukawa moja katika 42. Tarehe 27 ukafika moja katika 37, yaani asilimia 2.7. Kipo kipimo cha hatari za namna hii kiitwacho kipimo cha Torino, kwa jina la mji wa Italia kilikokubaliwa mwaka 1999. Huanzia sifuri hadi 10. Apophis lilipewa daraja la 4, na hakuna jiwe jingine lililowahi kupewa daraja hilo, kabla yake wala baada yake.

Wakati wowote mwingine habari kama hiyo ingeitikisa dunia. Lakini Jumapili ya tarehe 26 dunia ilitikiswa kwelikweli. Tetemeko chini ya bahari karibu na Sumatra lilizua tsunami iliyoua watu zaidi ya 220,000, na mawimbi yake yakaivuka Bahari ya Hindi hadi pwani yetu, yakaua watu Somalia, Kenya na Tanzania. Bahari hii siku ile haikuwa na mpango wowote wa kuwaonya watu juu ya tsunami. Nani angeinua macho kulitazama jiwe la mwaka 2029? Msiba ule haukutanguliwa na asilimia yoyote iliyotangazwa.

Tarehe 27 hiyo hiyo mambo yaligeuka. Wanafalaki walirudi katika akiba ya picha za zamani, wakakuta kwamba jiwe lilikwisha kupigwa picha mwezi Machi, miezi mitatu kabla ya kugunduliwa, bila mtu kulitambua. Picha zile zilipoingizwa katika hesabu, hatari ya mwaka 2029 ilitoweka. Kutoka moja katika 37 hadi sifuri, katika siku moja!

MPIRA MTAANI

Hapo ndipo msomaji mwenye akili timamu huanza kushuku. Hatari inayopanda siku nne mfululizo inawezaje kutoweka ghafla? Hawa wataalamu walikosea, au wameambiwa wanyamaze?

Chukua mfano wa mtaa. Umekaa barazani kwako, na watoto wanacheza mpira mwisho wa mtaa. Mmoja anaupiga juu. Katika nukta ile ya kwanza huwezi kusema utaangukia nyumba ipi. Waweza kusema tu kwamba utaangukia mojawapo ya nyumba mia za upande ule, na yako ikiwamo. Hatari yako ni moja katika mia. Nukta ya pili unauona vyema zaidi, na sasa unajua kwamba utaangukia mojawapo ya nyumba thelathini. Yako ingali imo. Hatari yako imekuwa moja katika thelathini; imepanda zaidi ya mara tatu. Je, mpira umegeuza njia ukufuate wewe? La hasha. Mpira uko katika njia ile ile uliyopigiwa. Kilichobadilika ni ujuzi wako. Nukta ya tatu unajua kwamba utatua katika nyumba tano za kule kona, na yako haimo. Hatari iliyokuwa ikipanda imeanguka hadi sifuri kwa mkupuo mmoja.

Sasa mfikirie jirani aliye ndani, asiyeuona mpira, anayesikia tu sauti yako ukitaja: moja katika mia, moja katika thelathini! Yeye atangoja moja katika kumi, kisha moja katika mbili, kisha kishindo. Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyozipokea habari za mawe ya angani. Tunasikia sauti, mpira hatuuoni.

Kwa hiyo asilimia 2.7 ya mwaka 2004 haikuwa kosa. Ilikuwa kipimo cha upana wa ukungu uliolifunika jiwe, na dunia ilikuwa ingali ndani ya ukungu huo. Ukungu ukipungua huku dunia ikiwa bado imo, tarakimu haina budi kupanda. Aghalabu hupanda hadi siku ile ukungu uipitapo dunia na kuiacha nje. Mwanzoni, jiwe litakalotukosa na jiwe litakalotugonga hufanana kabisa, na ndiyo sababu wataalamu hawana jingine la kufanya ila kuendelea kutazama.

Somo hili lilikuwa limekwisha kupatikana kwa aibu kidogo mwezi Machi mwaka 1998, jiwe jingine lilipotangazwa kwamba lingeweza kutugonga mwaka 2028, na siku moja tu baadaye picha za mwaka 1990 zikaondoa hofu hiyo. Wapo waliosema tangu hapo kwamba ingekuwa heri wataalamu wanyamaze hadi wawe na yakini. Mimi siafikiani nao. Habari itolewayo mapema, hata ikiwa pungufu, ndiyo iliyowafanya watu wa nchi mbalimbali wafungue makabati yao ya picha. Na kuhusu siri, jiwe la angani haliwezi kufungiwa ofisini. Vipimo vyake hutangazwa waziwazi, na hutazamwa na maelfu ya watu binafsi wenye darubini zao wenyewe, wasioajiriwa na serikali yoyote.

TUNDU DOGO LA ANGANI

Baada ya mwaka 2029 kuondolewa hofuni ulibaki mwaka 2036. Dunia italivuta jiwe na kuipinda njia yake wakati litakapopita karibu mno. Ikatokea kwamba lingepita mahali fulani pembamba angani, penye upana wa mita zipatazo 600 tu, lingepindwa kiasi cha kurudi kutugonga miaka saba baadaye. Wataalamu walipaita mahali hapo tundu la ufunguo. Vipimo vya mwaka 2013 vilionyesha kwamba jiwe halitapita tunduni.

Ukabaki mwaka 2068, na huu ulikuwa mgumu zaidi. Jua hulipasha joto jiwe upande mmoja, na jiwe likizunguka hulitoa joto hilo upande mwingine, likajisukuma kidogo kidogo kama mashua iliyosukumwa kwa kidole. Mwaka 2020, David Tholen, mmoja wa wale waliolivumbua, alieleza kwamba msukumo huo hulihamisha Apophis kiasi cha mita 170 kwa mwaka. Kwa miaka mingi, hilo si jambo dogo. Mwezi Machi mwaka 2021 jiwe lilipokuwa umbali wa kilometa zipatazo milioni 17, mitambo ya rada ya Marekani ililipigia mawimbi ya redio na kuyapokea yaliporudi. Umbali wake ukajulikana kwa usahihi wa mita 150 hivi. Ndipo hatari ya mwaka 2068 nayo ikafutwa, na Apophis likaondolewa katika orodha ya mawe ya kutiliwa shaka.

JIWE LILILOITAJA AFRIKA

Kama ulidhani mambo ya mwaka 2004 yamepitwa na wakati, kumbuka yaliyotokea mwanzoni mwa mwaka 2025. Tarehe 27 Desemba 2024 darubini iliyoko Chile iliona jiwe lililopewa jina la 2024 YR4. Lilikuwa dogo kuliko Apophis. Baadaye lilikadiriwa kuwa na upana wa mita 60 hivi. Hilo latosha kubomoa mji. Siku iliyotajwa ilikuwa tarehe 22 Desemba 2032, na ukanda ambamo lingeweza kuangukia ulianzia bahari ya Pasifiki, ukapita kaskazini mwa Amerika ya Kusini, ukavuka Atlantiki, ukakata Afrika, ukaendelea hadi Bahari ya Arabuni na Asia ya Kusini.

Hesabu zilikwenda vile vile kama mpira wa mtaani. Mwishoni mwa Januari uwezekano ulivuka asilimia 1, na mtandao wa kimataifa wa kuonya juu ya asteroidi ukatoa taarifa rasmi. Tarehe 18 Februari ulifika asilimia 3.1, tarakimu kubwa kuliko zote zilizowahi kutolewa kwa jiwe la ukubwa huo au zaidi. Kisha, katika siku chache zilizofuata, ukaporomoka hadi chini ya moja katika elfu kumi. Jiwe hilo halitatugonga mwaka 2032. Waliosoma gazeti la tarehe 18 bila kusoma la wiki iliyofuata bado wanabeba ile asilimia 3 vichwani mwao, na huenda mmoja wao ndiye aliyekutumia ujumbe.

Ukipokea ujumbe wa namna hiyo, utafute ndani yake mambo matatu: jina la jiwe, tarehe, na umbali. Usipoyaona, huo si ujumbe wa kumnyima mtu usingizi. Ukiuona umbali, ulinganishe na mwezi, ulioko kilometa 384,000 kutoka kwetu. Wanafalaki huliita jiwe kubwa "lenye uwezekano wa hatari" ikiwa njia yake yaweza kuikaribia njia ya dunia kwa kilometa milioni 7.5, na hiyo ni karibu mara 20 ya umbali wa mwezi. Neno "karibu" katika vinywa vyao si lile litumiwalo na utingo wa daladala.

MAWE YASIYOTANGAZWA

Nisikudanganye, ndugu msomaji, kwamba hakuna hatari yoyote. Ipo, ila aghalabu haiko pale tunapoonyeshwa kidole.

Tarehe 15 Februari 2013 wanafalaki wa dunia nzima walikuwa wakingoja jiwe moja lililotabiriwa kupita kilometa 27,700 kutoka duniani. Lilipita salama, kama walivyosema. Lakini saa kadhaa kabla yake, asubuhi, jiwe jingine kabisa lenye upana wa mita 20 hivi lilitokea upande wa jua, mahali ambapo darubini haiwezi kutazama, likapasuka juu ya mji wa Chelyabinsk nchini Urusi. Hakuna aliyelijua. Mwanga wake ulikuwa mkali kama jua. Watu wakakimbilia madirishani kutazama ni nini, nao mwanga ni mwepesi kuliko sauti. Mshindo ulifika baada ya dakika moja na zaidi na kuvunja vioo vya maelfu ya majengo. Watu wapatao 1,500 walihitaji matibabu, wengi wao kwa kukatwa na vioo. Hakufa mtu. Mwalimu mmoja wa shule, alipouona mwanga ule, aliwaamuru watoto wake zaidi ya 40 waingie chini ya madawati. Yeye alikatwa vibaya na vioo. Watoto wote walitoka wazima.

Jambo hilo lafaa kukaa katika kila nyumba. Ukiona mwanga mkubwa usio wa kawaida angani, usilikimbilie dirisha. Wasogeze watoto mbali na vioo, walale chini au waingie chini ya meza, ungoje dakika kadhaa. Kufanya hivyo hakugharimu kitu.

Afrika nayo ina kisa chake, na chake ni cha heri. Tarehe 6 Oktoba 2008 darubini ya Arizona iliona jiwe dogo la upana wa mita 4 hivi likija moja kwa moja kwetu. Katika muda wa saa chache ilijulikana kwamba lingeingia hewani juu ya jangwa la Nubia, kaskazini mwa Sudan, na alfajiri ya tarehe 7 likaingia pale pale. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia kwa jiwe kuonekana angani kabla ya kuanguka, na ilikuwa saa zisizotimia 20 tangu lionekane. Mwezi Desemba Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum, pamoja na mwanafalaki Peter Jenniskens, aliwaongoza wanafunzi na wafanyakazi wa chuo wakatembea jangwani wakiwa wamejipanga mstari, macho chini. Waliokota vipande vyeusi, na misafara iliyofuata ikaongeza vingine hadi vikapata mamia. Mawe hayo huitwa Almahata Sitta, yaani Stesheni ya Sita, kwa jina la kituo cha reli kilicho karibu. Maarifa mengi juu ya mawe ya angani yamepatikana kutokana na matembezi yale ya wanafunzi.

Mawe makubwa yenye upana wa kilometa moja na zaidi yakaribiayo dunia yamekwisha kutambuliwa zaidi ya asilimia 90, na hakuna lijulikanalo kuwa litatugonga katika karne ijayo. Yale ya mita 140 na zaidi hayajafika nusu. Hapo ndipo kazi ilipo. Kazi hiyo haivutii magazeti, kwani ni kupiga picha anga usiku baada ya usiku na kutafuta nukta iliyohama.

LIKIONEKANA, LITAFANYWA NINI?

Tarehe 26 Septemba 2022, umbali wa kilometa zipatazo milioni 11 kutoka hapa, chombo cha Marekani kiitwacho DART kilijigongesha kwa makusudi katika jiwe liitwalo Dimorphos, lenye upana wa mita 160 hivi. Jiwe hilo halikuwa na hatari kwetu. Lilichaguliwa kwa sababu hulizunguka jiwe jingine kubwa zaidi, na hivyo mabadiliko ya mwendo wake yangepimika kutoka duniani. Kabla ya kugongwa lilitumia saa 11 na dakika 55 kumaliza mzunguko mmoja. Baada ya kugongwa lilitumia dakika 32 pungufu. Wataalamu walikuwa wamesema kwamba wangeridhika na sekunde 73 tu.

Kusukuma kidogo kunatosha, mradi kufanywe mapema. Jiwe likisukumwa miaka mingi kabla ya siku yake, msukumo mdogo mno hugeuka maelfu ya kilometa lifikapo kwetu. Likigunduliwa wiki moja kabla, hakuna la kufanya ila kuwahamisha watu. Ndiyo maana zile tarakimu za mapema, zilizotukosesha raha mwaka 2004 na mwaka 2025, zina thamani kubwa kuliko ukimya.

USIKU WENYEWE

Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa limeutangaza mwaka 2029 kuwa mwaka wa kimataifa wa kuwafahamisha watu juu ya asteroidi. Chombo cha Marekani kilicholeta duniani udongo wa jiwe la Bennu mwezi Septemba 2023 kimeelekezwa Apophis, na Shirika la Anga la Ulaya limepanga kutuma chake kiitwacho Ramses. Wanataka kuona jinsi mvuto wa dunia utakavyolitikisa jiwe hilo, maana jiwe kubwa namna hiyo hupita karibu hivyo mara moja tu katika maelfu ya miaka.

Wewe huhitaji chombo. Apophis litaonekana kwa macho matupu Afrika, Ulaya na magharibi mwa Asia, pale ambapo anga ni safi. Halitakuwa moto mkubwa wenye mkia, kama lichorwavyo. Litaonekana kama nyota ya wastani itembeayo, likielekea magharibi, taratibu kuliko ndege na kuliko setilaiti za chini, ingawa kwa kweli litakuwa likienda kilometa zipatazo 7 kwa sekunde. Kwa mwendo huo lingetoka Dar es Salaam hadi Morogoro katika nusu dakika. Bahati nzuri usiku ule utakuwa wa giza, mwezi mwandamo ukiwa umekwisha. Bahati mbaya Aprili ni kilele cha masika katika pwani yetu, na inawezekana kabisa wakazi wa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa wasione ila mawingu. Wenye jamaa Muscat, ambako anga la Aprili aghalabu huwa jeupe, huenda wakasimuliwa kwa simu.

Anza kutazama baada ya saa tatu usiku, mahali pasipo taa nyingi, na uyaache macho yazoee giza. Jiwe litazidi kung'aa kadiri saa zinavyokwenda. Litafika karibu nasi kabisa saa 6:46 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, likiwa limekwisha kulivuka bara letu na kufika juu ya bahari ya Atlantiki. Baada ya hapo litaelekea upande wa jua na kufifia upesi, hata lisionekane tena bila darubini.